Ukurasa wa Foleni ya Mahindi

Kwetu mgeni hakai bure. Akishapewa kiti na chai, anapewa albamu. Kuku bado anakimbizwa huko nyuma ya jikoni, na mgeni ameshafika kwenye picha za ubatizo, huku mtoto mmoja wa nyumba ameketi karibu naye akimweleza: huyu ni mjomba, huyu ni shangazi kabla hajanenepa, hii ni siku tuliyonunua ng'ombe. Mgeni anatakiwa aulize maswali. Asipouliza, wenyeji watasema baadaye kwamba ana maringo. Hivyo ndivyo watu wa Mbumbuni walivyojuana nilipokuwa mtoto. Sijui ni nani aliyeanzisha mtindo huo, lakini siku nikimpata nina neno naye.

Maana albamu yetu haikuwa albamu. Ilikuwa kitabu cha sampuli za vitambaa, kikubwa kama sinia, ambacho fundi cherehani mmoja wa Mukuyuni alimpa mama alipofunga duka lake. Mama alibandua baadhi ya vitambaa, vingine akaviacha kwa kuwa alivipenda, kisha akabandika picha zetu kwa uji mzito wa unga wa ngano. Picha zenyewe zilikuwa chache, basi palipobaki wazi alijaza chochote alichoona kina maana: tikiti ya basi lililomleta kutoka kwao Zombe akiwa bibi harusi, utepe wa kwaya ya kanisa, kadi zetu za kliniki, lebo ya mfuko wa mbegu za pamba, unyoya wa jogoo aliyeuzwa ili dada yangu mkubwa arudi shule. Kati ya kurasa aliweka majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza mende, kwa sababu mende wa kwetu walipenda uji wa ngano kuliko sisi. Harufu yake chungu ilishika mikono. Mgeni alifunga kitabu, akanusa vidole vyake kwa siri, akadhani hatumwoni.

Kazi ya kuwaelezea wageni ilikuwa yangu. Nilikuwa binti wa pili, niliyepewa jina la mama yake mama, na kwa hiyo mama aliniita mwaitu, yaani mama yangu, nami nilimwita vivyo hivyo. Alisema mdomo wangu ni mwepesi na utawafurahisha watu. Na kweli, niliwafurahisha, mpaka tulipofika ukurasa mmoja.

Ulikuwa ukurasa wa mwaka ule wa njaa, miaka ya themanini, tulipolishwa mahindi ya manjano ya msaada. Mzungu mmoja aliyefuatana na wageni wa kanisa alikuwa na kamera ya kutema picha papo hapo. Alitupiga tukiwa kwenye foleni, akaipeperusha picha ikakauka, akampa mama, akaenda zake akiwa ameridhika sana. Katika picha hiyo niko mbele kabisa. Nimevaa gauni lililoshonwa kwa gunia la unga wa msaada, na kifuani pangu ipo ile alama ya mikono miwili iliyoshikana. Mkononi nina kopo. Kamasi zinashuka. Mdomo uko wazi, kwa kuwa nilikuwa namwita mama, lakini anayetazama anaona mtoto anayelilia chakula. Na mgongoni nimembeba mdogo wetu, kitindamimba, amefungwa kwa leso, mkono wake mmoja umenizunguka shingo, uso wake unachungulia juu ya bega langu. Yeye anacheka. Katika foleni nzima ni yeye peke yake anayecheka.

Surua ilimchukua kabla ya mvua kunyesha, na hana picha nyingine. Nani angekuwa na nafasi ya kumpeleka mtoto mchanga studio mwaka kama ule? Kwa hiyo mama alipoibandika picha ile alimbandika yeye. Mimi na kopo langu tulikuwa kiti chake tu. Nililijua hilo tangu nikiwa mdogo, sikuhitaji kuelezwa na mtu. Mgeni akifika hapo, mama alitoka jikoni, hata kama mikono yake ilikuwa na unga, akasema, “Huyo wa mgongoni ndiye alitutangulia.” Wageni wakasema pole. Halafu macho yao yakashuka polepole mpaka kwenye gauni langu.

Siku moja alikuja mama mmoja wa kanisani pamoja na binti yake, ambaye tulisoma darasa moja. Jumatatu nilipofika shuleni nilikuwa nimeshapata jina: Gunia. Nilibaki nalo mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Wengine waliniita hivyo kwa upendo kabisa, wamesahau lilikotoka, na hao ndio walionikera zaidi. Nilikuwa msichana mwenye hasira. Nilipigana, nilichaniwa sare, nikarudi nyumbani na kumwambia mama nimeanguka. Sikuwahi kumwomba aitoe ile picha. Ningeanzia wapi? Kaburi la mdogo wetu lilikuwa limeshashuka likawa sawa na shamba, na tulikuwa tunalima kunde juu yake.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi mjini Kitui, katika duka la kuchapa kwa kompyuta. Tulichapa mitihani ya shule, kadi za harambee na programu za mazishi. Kisha mwenye duka akanunua skana na printa ya rangi, na watu wakaanza kuja kuchungulia mlangoni. Nilijifunza kuingiza picha kwenye kompyuta, kuzikata, kuzizungushia maua kwenye pembe, kuandika chini yake kwa herufi za mapambo. Watu walileta picha za wazazi wao zilizopasuka, nami nikaziunga. Nilijiona nimefika.

Wakati huohuo nilikuwa na mchumba, mwalimu, mtu wa Murang'a. Alinipeleka kwao kunitambulisha. Kulikuwa na majani chai mpaka karibu na mlango, maji ya mfereji, na taa ya umeme hata chooni. Nilikaa kwenye kochi magoti yakiwa yamebanana. Kumbe hata huko mgeni hupewa albamu, ila yao ilikuwa na jalada la mahameli na kila picha imefunikwa plastiki: harusi za shela nyeupe, watu na mahafali, watu na magari. Aliyenieleza alikuwa shangazi yake, mama mnene mchangamfu aliyemlea baada ya mamake kufariki. Neno lake lilikuwa ndilo neno la nyumba ile. Alifunga albamu, akanipiga paja kwa upendo na kusema, “Sasa sisi tukikuja kwenu, na wewe utanionyesha zenu.”

Nilicheka. Njia nzima ya kurudi Kitui nilikuwa naliona gauni la gunia mikononi mwa yule mama, chini ya taa zao zile, ingawa ni wao ambao wangekuja kwetu na kwetu hakukuwa na taa.

Nilimwambia mama nataka kukiingiza kitabu chake kwenye kompyuta, ili mende wasikimalize, na ili kila mmoja wetu apate nakala yake badala ya kuja kugombania hiki kimoja baadaye. Yote mawili yalikuwa kweli. Ni la tatu ambalo sikulitaja. Mama alifurahi. Alikifunga kitabu ndani ya leso, akakitia kwenye kiondo, akanionya nisikiweke chini kwenye basi, watu wasije wakakikanyaga.

Jumamosi moja mchana, mwenye duka akiwa ameenda harusini, nilikaa nacho mezani. Niliingiza picha moja baada ya nyingine. Baba na baiskeli yake: nilifuta bati lililopinda nyuma yake, nikaweka anga la buluu. Dada siku ya ubatizo: nikamzungushia waridi. Tikiti, utepe na unyoya niliviacha, nikajiambia skana haiwezi unyoya. Kisha nikafika kwenye foleni.

Ningependa kusema niliufungua ukurasa ule nikaufunga papo hapo. Sivyo, nilijaribu. Niliiingiza picha, nikaikuza mpaka uso wa mdogo wetu ukajaa kioo chote, na kwa mara ya kwanza tangu afe nikaona kwamba alikuwa na meno mawili tu. Nikalipaka gauni langu rangi ya waridi, lakini ile mikono miwili ikaendelea kuonekana chini ya rangi. Nikajaribu kujifuta mimi na kumbakisha yeye. Haikuwezekana. Mwili wake wote ulikuwa nyuma yangu. Nilipojifuta, yeye alibaki kichwa kisichokuwa na mwili, na mkono mdogo umekumbatia hewa. Niliogopa. Nilifunga bila kuhifadhi, nikafungua ukurasa uliofuata, nikaendelea na kazi.

Kitabu kilipotoka kwenye printa kilikuwa kizuri mno. Mwenye duka alinishauri nikitie plastiki, nikasema plastiki itakifanya kifanane na orodha ya vyakula hotelini. Nilikuwa mjuaji siku zile. Nilikitoboa, nikakifunga kwa utepe mwekundu, nikakipeleka nyumbani siku moja kabla ya wageni wa Murang'a kufika, pamoja na kile cha zamani.

Mama alinawa mikono kwanza, akajipangusa, ndipo akakipokea. Alikipenda kweli, hakujifanya. Alicheka alipomwona baba mbele ya anga la buluu. “Hii imekuwa kama ya wazungu. Sasa kila mtoto atakuwa na yake, hata nikifa hamtapigana.” Alifika mwisho. Akarudi mwanzo, akaanza upya, safari hii hatazami, anatafuta.

“Na yeye?” akauliza. “Mbona sijamuona?”

“Mashini ilimkataa, mwaitu.”

Aliniangalia. “Mashini inajua kukataa mtu?”

Nikasema picha ni nene, ni ya zamani, mwanga wake ni mbaya. Nilisema mengi, kwa haraka, kwa ule mdomo wangu mwepesi. Mama akafunga kitabu taratibu, akalainisha utepe kwa kidole gumba. “Haya,” akasema, akaenda kuchambua mchele.

Wageni walifika wamechelewa, kama inavyopasa. Walileta mbuzi wa ntheo, wale wa kuonyesha kwamba binti ameshachumbiwa, ambao kila mtu alijua walinunuliwa Mukuyuni asubuhi ileile, maana Murang'a mbuzi wa vile hakuna. Wanaume walikaa na baba chini ya turubai. Wanawake waliingia sebuleni, na shangazi akakaa mahali pazuri, nami nikamwekea kitabu changu mapajani. Nilieleza vizuri. Yeye alisifu maua, akasifu herufi, akamsifu baba. Nikaanza kupumua.

Kisha yakaja maji ya kunawa. Dada yangu alipita na jagi na beseni, shangazi akanawa, na kabla kitambaa cha kujipangusia hakijamfikia, mzee wa kanisa akasimama mlangoni akaanza kuombea chakula. Wanaojua wazee wa kanisa wa kwetu wanajua kwamba maombi ya aina hiyo yanaanzia kwenye mvua, yanapita kwa wagonjwa na serikali, na mara nyingine yanasahau chakula chenyewe. Shangazi alivumilia. Lakini nadhani udadisi ulimshinda, maana nilipofungua jicho moja nilimwona amekirudia kitabu, anageuza kurasa kwa vidole vyenye maji.

Sikujua kwamba wino wa printa ile hauwezi maji. Baba alianza kuondoka kwenye karatasi. Kwanza anga la buluu likamtiririkia usoni, kisha uso ukaingia kwenye vidole vya shangazi, naye akashtuka, akajipangusa kwenye kitambaa cheupe cha mezani, ambacho tulikuwa tumekiazima. Dada yangu na waridi zake wakawa doa moja jekundu. “Amina,” akasema mzee wa kanisa, watu wakafumbua macho, na hicho ndicho walichokiona.

Nimewahi kuaibika mara nyingi, lakini ile ilinipata mpaka kwenye nyayo. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu vipya. Shangazi alikuwa mwema, na wema wake ulinichoma zaidi. “Pole, ni mimi na haraka yangu,” akasema. Kisha, kwa kutaka kunitoa aibuni, akamgeukia mama. “Na mama, si kuko na ile ya kitambo? Mimi kusema ukweli napenda zile za zamani.”

Mama akasimama, akaenda chumbani kukileta.

Nilimwona akirudi nacho, nikajua yote yamekwisha. Chakula kikapakuliwa na mimi sikukionja. Baada ya kula, mikono ikiwa imekauka vizuri, shangazi alikifungua kitabu cha vitambaa, na jambo ambalo sikulitarajia likatokea: akakipenda. Akapapasa vitambaa, akauliza habari za unyoya, akacheka mpaka machozi. Alitaka kujua hadithi ya tikiti ya basi, na mama, ambaye Kiswahili humsumbua, akaisimulia yote, jinsi basi lilivyokwama mchangani naye akashuka na viatu vya harusi kusukuma. Wanawake wote walisogea karibu. Mimi nilikuwa nahesabu kurasa. Utepe wa kwaya. Kadi za kliniki. Ukurasa uliofuata ndio wenyewe.

Akageuza. Palikuwa patupu. Palibaki alama ya mraba, uji uliokauka, na nyuzi nyekundu za kitambaa zilizonyofoka picha ilipotolewa. Ilikuwa imebanduliwa siku ileile, maana uji chini yake ulikuwa bado mweupe.

Nilishusha pumzi. Nasema ilivyokuwa: jambo la kwanza nililohisi ni shukrani, na nilimshukuru Mungu kwa maneno kabisa, moyoni.

“Hapa kulikuwa na nini?” shangazi akauliza.

“Ilianguka,” mama akasema.

Shangazi akaendelea mpaka mwisho. Alifunga kitabu, akatutazama mmoja mmoja, kaka yangu pale mlangoni, dada yangu na beseni lake, mimi. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyekubali. Akamshika mama mkono. “Mungu amekuona, mama. Watoto wazuri. Kwa hivyo ni hawa watatu alikupatia?”

Nilimtazama mama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu kabisa, ile nafasi, mtu angeweza kuitumia kusema jambo refu.

“Ni hao,” akasema mama.

Mbuzi walipokelewa, nyimbo zikaimbwa, wageni wakasindikizwa mpaka barabarani. Mchumba wangu aliniminya mkono kwa siri, amefurahi, shangazi yake alikuwa amemwambia kwamba ametua mahali pema. Niliporudi nilimkuta mama jikoni akisugua sufuria kwa majivu. Nikamuuliza picha iko wapi.

Hakujifanya haelewi. Alifuta mikono, akafungua fundo la leso kiunoni, pale anapofungia sadaka, akatoa kitu kilichofungwa kwa plastiki ya mkate. Alikuwa naye hapo tangu asubuhi. Alipika naye, akawakaribisha wageni naye, akasimulia habari za basi naye. Na alipojibu “Ni hao,” alikuwa naye.

“Niliona hukumtaka kwa ile yako,” alisema. Hakuwa na hasira. Kama angekuwa na hasira ningejua pa kushika, ningejibu, tungegombana, kungekucha. “Nikasema leo ni siku yako, nisikuaibishe.”

Nilitaka kumwambia si yeye niliyemkataa, ni gauni. Nilitaka kumweleza habari za Gunia, za shule, za vile nilivyojaribu kwenye kompyuta kumbakisha yeye na ikashindikana. Lakini yote yalikuwa maneno ya mtoto, na mimi nilikuwa mwanamke aliyeshachumbiwa.

Mama alikuwa anaipangusa picha kwa ncha ya leso. Akauliza, kama mtu anayeuliza mahali pa kuweka chumvi:

“Sasa nimrudishe, ama watakuja tena?”

Unga wa ngano ulikuwepo, ulibaki mwingi wa chapati. Maji yalikuwa bado moto. Uji wa kubandikia unachukua muda mfupi tu. Nikamfikiria shangazi, mkono wake laini, jinsi alivyotutazama mmoja mmoja akaridhika.

“Watakuja tena,” nikasema. “Mwezi wa kumi na mbili.”

Mama akaitika kwa kichwa. Akamzungushia tena plastiki, akamweka kwenye leso, akafunga fundo.